Beatrisi Severini Nambunga, Mama wa Kuta za Mtaa wa Mabati (1949–2009)

Ndugu zetu mliofika, Baba Padri, mashehe wetu, majirani wa Mtaa wa Mabati, na nyie watani mliofunga njia ya makaburini kwa magogo tangu asubuhi mkidai kuku: kuku mtapewa, lakini kwanza mnisikilize. Naitwa Doreen. Marehemu ni dada wa baba yangu, na familia imenituma nisome maisha yake. Nitamsoma kama alivyokuwa. Nikimpamba kupita kiasi, ninavyomjua, ataamka anikaripie.

Marehemu Beatrisi Severini Nambunga alizaliwa tarehe 14 Agosti 1949 kijijini Lionja, mtoto wa kwanza wa Mzee Severini Nambunga na Bibi Serafina. Mzee Severini alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kung'oa visiki kwenye mashamba ya karanga ya Mwingereza. Karanga zilikataa, Mwingereza akarudi kwao, mzee wetu akabaki akapanda mikorosho. Shangazi alipenda kusema kwamba mji wa Nachingwea ulijengwa kwa ajili ya karanga, na kwa hiyo ni mji uliozoea kukata tamaa, sharti uchapwe kidogo.

Alianza shule Lionja mwaka 1958 akaishia darasa la nne. Mwaka 1962 alipelekwa Ruangwa kwa bibi mzaa mama yake, na huko ndiko alikosoma hasa. Bibi yule alikuwa akiitwa kila nyumba iliyokuwa na mwali anayechezwa unyago, akandike kuta na kuzipamba. Beatrisi alibeba udongo: mweupe wa kingo za mto, mwekundu wa kichuguu, na masizi ya vyungu yaliyochanganywa na utomvu. Alijifunza kupaka kwa kiganja, siyo kwa brashi. Alijifunza pia kwamba michoro mingine hukaa nje na mingine hukaa ndani, na ya ndani haitoki. Somo hili la mwisho, kama mtakavyosikia, alilisahau siku moja.

Tarehe 5 Septemba 1970 alifunga ndoa bomani na Lukumani Nalinga, fundi cherehani wa hapa Nachingwea. Kwa nini bomani? Kwa sababu upande wetu ulitaka kanisa, upande wa bwana ulitaka msikiti, na bibi harusi alisema, "Gombaneni mpaka mchoke, mkimaliza mtatukuta tumeshazaa." Walijaliwa watoto wawili, Ashraf na Serafina. Baba na mwana walikwenda msikitini, mama na binti kanisani, na Idi na Krismasi zote zililiwa nyumba moja.

Mzee Lukumani aliweka cherehani yake barazani Mtaa wa Mabati, katikati ya mji, mwaka 1972, akashonea hapo mpaka alipofariki Novemba 1993. Mkewe hakujua kushona hata kifungo. Hata hivyo kila asubuhi alikwenda kufagia baraza lile na kukaa, huku Harithi, kijana aliyefundishwa kazi na mumewe, akiendelea na mashine.

Mwaka 1994 stendi ilihamishwa, soko likaifuata, na mtaa ukafa. Milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine. Mbuzi walilala kwenye mabaraza ya maduka. Mei 1996 likabandikwa tangazo la halmashauri kwamba majengo yatakayokutwa hayatumiki mwisho wa mwaka yatavunjwa, pawe uwanja wa malori. Harithi alilisoma akaanza kufungasha nyuzi zake. Shangazi akamuuliza unakwenda wapi. "Mama, mtaa unavunjwa." Akamjibu, "Utavunjwa mimi nikiwa nimekaa wapi?"

Jumamosi tarehe 8 Juni 1996 alikuja na ndoo tatu za udongo akaanza kupamba ukuta wa baraza la mumewe. Watu walisema ujane umempanda kichwani. Alipaka kutwa nzima bila kumjibu mtu, na kwa uchungu aliokuwa nao, mkono ukamtangulia akili. Jioni ukuta ulikuwa umejaa michoro mizuri ajabu, tena kumbe mingine ni ile ya ndani, ya kuta anazofundishiwa mwali, isiyotakiwa kuonwa na mtoto wala mwanamume.

Kungwi Mwamini, huyu mnayemwona amekaa mbele hapa, alifika na akina mama saba. Hawakupiga kelele. Walivua kanga zao za juu wakaufunika ukuta, wakasimama mbele yake, halafu Bi Mwamini akasema, "Beatrisi, umemvua nguo bibi yako barabarani."

Jamani, shangazi yangu alikuwa mbishi. Alibishana na mapadri, alibishana na mabwana shamba, na mimi mwenyewe nilikula makofi yake. Lakini siku ile hakubisha hata neno. Alipiga magoti, akaingiza mikono chini ya kanga zile na kukwangua ukuta wote kwa kucha, hadi vidole vikatoka damu. Kisha akatoa kuku mweupe na unga, kama mila inavyotaka. Makungwi wakapokea, wakageuka kuondoka, na yeye akawaita: "Faini mmekula. Sasa niambieni kipi jua linaruhusiwa kukiona, maana ukuta huu siuachi mtupu."

Wiki iliyofuata walirudi, kila mmoja na chungu chake cha udongo. Walichora samaki, nyayo, mbegu za ufuta, majani ya muhogo. Bi Mwamini, kwa kuwa ni Mmwera na ni mtani wetu sisi Wamakua, akauchukua ukuta wa jirani akachora Mmakua mwenye tumbo kubwa anamfukuza panya kwa sufuria. Habari ilifika Lionja kabla ya jua kuzama. Ukoo wetu ukaja mzima mzima, na ukuta uliofuata ukapata Mmwera amelala chini ya mkorosho, korosho zinaokotwa na nyani. Basi hapo moto ukawaka! Wamakonde wakadai ukuta, Wayao wakadai ukuta. Watu walitoka hadi Marambo kuja kuona wametukanwaje na kujibu. Na anayekuja kujibu anasikia kiu, anasikia njaa, suruali yake imechanika. Akina mama wakaleta chai na mihogo ya kuchemsha, Harithi akafungua tena nyuzi zake, na mwenye duka wa kwanza akarudi Septemba kutafuta ufunguo wake.

Wakaguzi walikuja Desemba, wakatembea mtaa mzima. Mlango mmoja tu ndio walioukuta umefungwa, na mwenyewe alikuwa amekwenda msalani. Tangazo lilibanduliwa. Shangazi aliiomba ile karatasi akawashia moto wa chai.

Udongo haukai, mnajua. Kila masika kuta zinafutika, na kila mvua zikikata mtaa unachorwa upya. Mwaka 2001 mgeni mmoja mwenye nia njema alimletea madebe ya rangi ya mafuta, rangi ya kudumu miaka kumi. Alimshukuru sana, akampa chai, akamwambia: "Mwanangu, rangi isiyofutika itaniulia mtaa. Mtu akishachora mara moja, atakuja kufanya nini tena?" Ukuta mmoja ulipakwa kwa heshima ya mgeni. Upo mpaka leo, nendeni mkauone. Umejaa matangazo ya dawa ya meno na hakuna anayeutazama.

Mwaka 2004 watu wa Ruangwa walimwita awachoree kuta za karibu na stendi yao. Alikaa kule wiki mbili na hakuchora hata mstari. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuuliza makungwi kipi ni cha ndani na kipi ni cha nje, akawakutanisha, akapanda lori akarudi. Ashraf alimuuliza, "Mama, sasa umefanya kazi gani?" Akasema, "Nimewaachia ugomvi mzuri." Ugomvi huo unaendelea, na ndugu zetu wa Ruangwa waliokuja leo watashuhudia.

Ugonjwa wa presha ulianza kumsumbua mwaka 2006. Februari 2008 alipata kiharusi na mkono wa kulia ukafa. Tulimwambia apumzike. Juni ile ile alikuwa barazani anapaka kwa mkono wa kushoto, mistari imepinda, na yeyote aliyejaribu kuinyoosha alifukuzwa kwa ufagio. Mwaka huu hakutoka kitandani tangu Machi. Mvua zilichelewa kukata, na kila asubuhi swali lake lilikuwa moja: "Bado inanyesha?" Jumatatu tarehe 11 Mei 2009, saa moja asubuhi, Serafina alimfungulia dirisha akamwambia jua limetoka, Mama. Alisema, "Haya, waiteni watu." Ndipo akatutoka. Tumeumia. Tumeumia sana, na sioni haya kulia mbele yenu.

Marehemu ameacha watoto wawili, Ashraf na Serafina, wajukuu sita, mdogo wake Gabrieli, ambaye ni baba yangu, sisi watoto wa mdogo wake, Harithi, ambaye hakumzaa ila alimlea, na watani wasiohesabika ambao leo hawana wa kumchora.

Nimalizie neno ambalo halikuwamo kwenye karatasi niliyopewa. Tangu juzi wazee wamekuwa wakisema mtaa usichorwe mwaka huu, kwamba ni mwaka wa msiba, tungoje mwakani. Kuta ni tupu, nyote mmepita mkaziona, na mbuzi wawili jana walilala barazani kwa Mzee Lukumani. Niliwaona kwa macho yangu. Jana jioni Bi Mwamini alisimama kati ya wazee na macho yake mabovu yale, akasema: "Nilimfunika kanga siku ile ili asiaibike. Leo mnataka nimwache uchi? Yeye amesema waiteni watu. Watu si ndio hawa?" Kisha akaagiza ndoo za udongo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mnajua desturi: tukitoka kuzika tunakuta maji ya kunawa mlangoni kwa marehemu. Leo msiyatafute pale, hayapo. Yamepelekwa Mtaa wa Mabati, yamewekwa kando ya ndoo za udongo. Mtamtupia udongo wake hapa, mtakwenda na mikono hiyo hiyo mkapake ukuta wake kule, ndipo mtanawa.

Shangazi, pumzika kwa amani. Watu tumewaita.