Angella Nabwire, Aliyetuketisha Kwenye Sahani Moja

Mchungaji, ndugu, jamaa na marafiki mliokusanyika hapa Dubai kumuaga dada yetu kabla hajasafirishwa, mimi ni Hudson Ouma, mdogo wake wa kumfuata, na familia imenipa jukumu la kuwasomea maisha yake.

Marehemu Angella Nabwire alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 mjini Busia, upande wa Uganda, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Zedekiya Ouma na mama Perusi, akasoma shule ya msingi hapo hapo Busia na sekondari kule Tororo hadi kidato cha nne mwaka 2004, kisha akauza chai na mandazi mpakani, kwenye maegesho ya malori, ambako alikutana na dereva Harrison Wandera, wakafunga ndoa kanisani tarehe 20 Desemba 2008, na Mungu akawajalia Allen mwaka 2009 na Yekoniya mwaka 2013.

Mwaka 2016 lori la shemeji Harrison lilipinduka, akaumia mgongo asiweze kuendesha tena, na Agosti ya mwaka uliofuata Angella akaja huku kufanya kazi za nyumbani, akimwacha Yekoniya akiwa na miaka minne, na katika nyumba yake ya kwanza alikula jikoni akiwa amesimama, baada ya wote kumaliza, kile kilichobaki.

Mwaka 2019 alihamia Jumeirah Village Circle kwa Madam Shifaa, mjane kutoka Fez, Moroko, ambaye yuko nasi hapa, na madam akamfundisha kupika kuskusi ya Ijumaa, chakula cha punje ndogo za ngano, kuitia mvuke na kuichambua kwa mikono, tena mvuke, tena mikono, hadi kila punje isimame peke yake, kisha mboga na nyama juu, katika sahani moja kubwa ya watu wote. Ijumaa ya kwanza Angella alipoitwa mezani, Raed, mwana wa madam, alisema kwamba mfanyakazi ana mahali pake jikoni, na madam akaiinua ile sahani kwa mikono yake, akaipeleka jikoni, akaiweka sakafuni, akaketi, akamwambia dada yangu, "Aliyepika hali peke yake. Nawa, binti yangu." Raed alibaki mezani kwa muda, mwishowe naye akaja, akanawa, akaketi chini, na tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena Angella anakula wapi.

Desemba 2023 alikwenda likizo nyumbani, akakuta watoto wamekua bila yeye, kila mmoja anachukua sahani yake na kwenda kula chumbani, na Yekoniya akimjibu kwa heshima kama mtu anavyomjibu mgeni, bila kumwita mama. Siku ya Krismasi akapika kuskusi, akatandika mkeka, akawanawisha mmoja mmoja, akawaeleza kwamba kule alikojifunza kila mtu hula upande wake, hanyooshi mkono kwa mwenzake, na nyama ya katikati hugawiwa na mwenye nyumba, naye akaigawa yote, akawasogezea, kwake hakubakiza. Yekoniya alitazama, akachukua kipande chake, akakirudisha upande wa mama yake. "Kula na wewe, mama," akasema.

Angella alikila chote, kisha akatoka nje nyuma ya nyumba akakitapika, kwa sababu tumbo lilikuwa limeanza kumkataa tangu mwezi uliotangulia, na hilo hakumwambia mtu hadi aliponisimulia mimi akiwa kitandani.

Aprili 2024, akiwa amesharudi huku kazini, madaktari waligundua saratani ya tumbo, akatibiwa kwa miezi mingi, akapata nafuu, ikarudi, na Madam Shifaa, pamoja na uzee wake, alikuja wodini kila Ijumaa na supu, akimnywesha kwa kijiko, na kijiko kiliposhindikana akawa anamlowesha midomo tu, hadi Jumapili tarehe 9 Februari 2025, alfajiri, Angella alipokata roho mkono wake ukiwa mkononi mwangu, akiwa na miaka thelathini na minane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Jumeirah Village Circle, walinzi wenzangu wa Jumeirah Lake Towers mliochanga nauli ya mwili, kaka Raed aliyehangaikia vibali vya safari, na wewe Madam Shifaa, ambaye mama yetu Perusi ametuma tukuite dada yake. Harrison na watoto wanatusikiliza kwa simu, na Alhamisi watakuwa Entebbe kumpokea.

Dada Angella, umetufanyia kazi ya kutosha, nenda nyumbani kwa watoto wako, pumzika kwa amani.