Sufuria za Msiba Zilipokwenda Harusini

Jana sufuria kubwa za chama chetu cha kuzikana zilitoka stoo kwenda kwa Mzee Humaidi, anayemwoza binti yake Jihan. Tovuti ya chama, yenyewe bila kuulizwa, ikawatumia wanachama wote ujumbe: "Msiba kwa Mzee Humaidi. Tufike." Aliyeifundisha hivyo ni Vedasto, mtaalamu wetu wa kompyuta, lakini simlaumu sana, maana hapa Isevya sufuria zile zikionekana barabarani kila mtu hujua kuna kifo. Sasa mwenyekiti kampa mpaka adhuhuri arekebishe, la sivyo tovuti inafungwa na tunarudi kwa mpiga mbiu wa baiskeli. Ndiyo maana asubuhi hii amekaa nasi kwenye benchi la Sadiki muuza kahawa, kompyuta mapajani.

— Tovuti haina akili, Vedasto alisema. Unaitajia tukio, likitokea inafanya kitendo. Mtunza stoo akiandika sufuria zimetoka, ujumbe unakwenda. Nipeni tukio jingine. Sibanduki hapa bila kulipata.

Kasimiri, mstaafu wa reli tunayemwita Reli, alikuwa nalo tayari.

— Jeneza. Fundi akiuza jeneza, tuma.

— La kwetu liko msikitini, halinunuliwi, akasema Mundhir, ambaye ni Profesa kwa kusoma gazeti mpaka matangazo ya minada. Kwani sisi hatufi?

— Basi vilio, Reli akasema. Tundika simu kila uchochoro, zisikilize.

— Mama yake Jihan jana kalia kuliko mfiwa, nikamkumbusha.

Profesa akakohoa.

— Mwanachama akinyamaza siku tatu kwenye grupu, ahesabiwe marehemu.

— Reli tungemzika kila bando likiisha, Vedasto alijibu bila kucheka.

— Mnahangaika bure, Reli akanuna. Lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Nilimkasirikia kweli. Methali gani hiyo ya kuiombea msiba nyumba ambayo bibi harusi wake bado hina haijamkauka?

Hapo ndipo alipotokea Mama Gaudensia, kashuka basi la kutoka Usoke anakoishi sasa, kanga kiunoni, kikapu cha unga kichwani. Zamani alikuwa jirani wa Mzee Humaidi, ukuta kwa ukuta, na bado ni mwanachama wetu. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti iliyokauka.

— Wanangu, ujumbe haukusema. Nani amekufa?

Reli alichungulia kikombe chake. Mimi niliona aibu hata kumtazama yule mama.

Vedasto akasimama, akampisha akae.

— Hakuna, mama. Ni kosa langu. Nisamehe.

Mama Gaudensia akakitua kikapu, akaketi.

— Sikujua ni yupi, akasema. Kwa hiyo tangu jana nimewalilia wote wa nyumba ile, mmoja mmoja. Hata Jihan.

Vedasto akainama juu ya kompyuta, akaandika bila kumsikiliza Profesa wala mimi. Alipomaliza akatusomea: ujumbe usitoke mpaka jina la marehemu liandikwe, na mtu wa nyumba hiyo athibitishe.

— Na zikitoka sufuria peke yake? Reli akauliza.

— Zimetoka sufuria tu.

Mama Gaudensia alifungua kanga kiunoni, akajifutia uso, akainuka na kikapu chake.

— Haya, nipelekeni ziliko hizo sufuria. Unga huu nimeutoa kwa ajili ya Humaidi, siurudishi Usoke.