Historia ya Marehemu Akiru Nangiro, Aliyeifungulia Kakuma Maktaba

Ejok, yaani hamjambo, waombolezaji wote, wachungaji, wazee, wakuu wa chuo mliopewa viti vya mbele, majirani wa Kanamkemer mliokaa hapa tangu Alhamisi ya juzi bila kuombwa na mtu, na wageni wetu kutoka Kakuma. Familia imekubaliana historia hii isomwe polepole, kwa sababu marehemu hakupenda watu wanaosoma kichwa cha habari peke yake halafu wanasema wamesoma.

Marehemu Akiru Nangiro alizaliwa Kaikor, Turkana Kaskazini, mtoto wa tatu wa mzee Nangiro Lomunokol, na kitambulisho chake kinasema ni tarehe 1 Januari 1971, siku ile ile ambayo serikali iliwazalia Waturkana wote waliofika dirishani bila karatasi, lakini mama yake, ambaye ameketi hapa na kumbukumbu yake iko sawa kuliko kompyuta ya msajili, anasema ilikuwa inanyesha, ndiyo maana akaitwa Akiru, na Januari hiyo ya Kaikor hakukunyesha hata tone, kwa hivyo chagueni wenyewe.

Alianza Shule ya Msingi ya Kaikor mwaka 1979, akiwa amechelewa kwa sababu mbuzi walikuwa na haki ya kwanza, akamaliza darasa la nane 1986, akasoma sekondari ya wasichana hapa Lodwar kutoka 1987 hadi 1990, akachukua diploma ya ukutubi Eldoret kati ya 1991 na 1993, na digrii ya sayansi ya habari akaipata mwaka 2007, akiwa tayari mama, akisoma likizo hadi likizo.

Kazi aliianza 1994 kama msaidizi wa maktaba hapa mjini, na tarehe 1 Septemba 2008 akaajiriwa na kampasi yetu ya Lodwar kusimamia majarida na vitabu vya mtandaoni, kazi aliyoipata kwa kuomba na kwenda interview, bila mjomba, jambo ambalo sisi wenye digrii zilizolala kwenye bahasha tunalisimulia kama muujiza. Mama mkwe wake alikuwa akimuuliza, “Akiru, kwa hivyo unalipwa kuchunga vitabu visivyoonekana?” naye anamjibu, “Ndiyo mama, na vinapotea kuliko mbuzi,” na hakuwa anatania, kwa maana vitabu hivyo chuo hakivinunui, kinavikodi kwa mwaka, na Desemba ikipita bila renewal, asubuhi ya Januari unakuta mlango umefungwa na mwenyewe yuko Ulaya. Kila asubuhi alifungua majarida moja moja kuona kama yanafunguka, na lecturer aliyewaambia wanafunzi wasome jarida ambalo yeye mwenyewe hajawahi kulifungua alifuatwa mpaka cafeteria, akaonyeshwa, chai ikapoa.

Tarehe 5 Desemba 1998 alifunga ndoa kanisani hapa Lodwar na Mwalimu Aukot Lotiir, baada ya mifugo kufika Kaikor na wazee kuridhika, nao wakabarikiwa na watoto wawili, Ekuru na Abei, na yeyote aliyepita karibu na nyumba hiyo Jumapili anajua kicheko kilitoka jikoni, ambako mwalimu ndiye aliyekuwa akipika.

Mwaka 2012 ulikuja na mambo mawili pamoja. Mwezi Machi madaktari wa Eldoret walimwambia ule uvimbe wa kwenye titi ni kansa, na mwezi Mei chuo kikafungua chumba cha masomo Kakuma, chenye kompyuta, intaneti na ribbon ya kukatwa, picha zikapigwa, wakubwa wakarudi, ndipo ikagunduliwa kwamba kompyuta za Kakuma hazifungui jarida hata moja, kwa sababu leseni ilitambua intaneti ya Lodwar peke yake. Aliyegundua ni Agot Wol, binti wa Sudan Kusini anayeishi katika kambi ya wakimbizi ya huko, mwanafunzi wa afya ya jamii, aliyekuwa anaandika utafiti wake wa mwisho kuhusu maji na kuhara kwa watoto, akampigia marehemu simu, “Madam, hii kitu inanionyesha summary tu. Ni kama mtu ananinusisha nyama halafu anafunika sufuria.” Kuja Lodwar kusoma hakuweza, maana mkimbizi hatoki kambini bila pass, na pass alikuwa ameomba akanyimwa, na bila kusoma utafiti haungekamilika, na bila utafiti hakuna kuhitimu.

Marehemu aliuliza wakala wa leseni huko Nairobi, akaambiwa, “Sorry madam, Kakuma ni site nyingine, chukueni leseni nyingine,” akauliza hapa chuoni, na mkubwa mmoja, ambaye hatutamtaja kwa sababu chakula bado hakijaliwa, akasema hao wa Kakuma wangoje financial year ijayo, kana kwamba wao hawajangoja vya kutosha.

Sasa, leseni hiyo ilikuwa na neno moja. Iliruhusu kusomwa na wanafunzi, walimu, na watu iliowaita walk-in users, yaani mtu yeyote wa nje anayekuja maktaba na kukaa kwenye kompyuta ya hapo hapo, naye marehemu alikuwa amemwambia Lochakapong, askari wetu wa geti, “Walk-in users usiwazuie.” Lochakapong akatii jinsi alivyosikia. Nesi mmoja wa hapa Kanamkemer alipofika na boda boda, akamwambia, “Sister, wewe umekuja na piki. Madam amesema wa miguu.” Nesi akauliza, “Kwa hivyo?” Akajibiwa, “Kwa hivyo rudi kwa kona, ushuke, utembee,” na nesi akarudi, akashuka, akatembea, na wengine baada yake, muhula mzima, mpaka watu wa boda wakaiita ile kona stage ya maktaba.

Marehemu aliyajua haya Novemba, siku ambayo dawa zilikuwa zimemmaliza nguvu na yeye mwenyewe akaletwa na boda, akamwona yule nesi anatembea juani kutoka kona, akauliza, akaambiwa, akacheka mpaka akashika geti, na ilikuwa miezi ambayo tulizoea kumwona akishika geti kwa sababu nyingine. Alipomaliza kucheka aliingia ofisini, akampigia wakala, simu ikiwa kwenye loudspeaker, ofisi nzima ikasikia.

“Dada, leseni yetu inakubali walk-in users?”

“Inakubali.”

“Basi hawa wa Kakuma walitembea kutoka Bor, kule Sudan Kusini. Baba ya Agot alitembea na huyo Agot mgongoni. Kama hao si walk-in, nionyeshe walk-in wako.”

Yule dada akacheka pia, akasema, “Madam, haiko hivyo,” naye marehemu akamjibu, “Najua haiko hivyo. Wewe niambie iko vipi,” na ndipo akaambiwa kitu ambacho hakuna aliyekuwa amejisumbua kumwambia tangu Mei, kwamba chumba kikiwa chini ya maktaba ile ile na msimamizi yule yule, hicho si site nyingine, ni chumba kingine cha maktaba, chuo kiandike hivyo rasmi, kisaini, na anwani ya intaneti ya Kakuma iongezwe. Alikwenda kwa yule mkubwa na kitambaa chake kichwani, akavuta kiti, akasema, “Mzee, sina haraka, niko sick leave,” na sahihi ikapatikana kabla ya lunch.

Mwezi Januari 2013 Agot alipiga simu akipiga kelele, “Madam, imefunguka! Yote! Mpaka footnotes!” na mwezi Juni utafiti wake ukapita, na marehemu, ambaye wakati huo alikuwa hawezi kula sana, aliomba pilau siku hiyo, akala, akamwambia mwalimu, “Leo nimeshiba.” Alizidiwa mapema Septemba, akalazwa hapa Lodwar, na asubuhi ya Alhamisi tarehe 12 Septemba 2013 akatutoka taratibu, mwalimu akiwa ameshika mkono wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Eldoret na wa Lodwar, majirani mliochota maji na kupika, wafanyakazi wenzake wa maktaba, na Agot, ambaye safari hii alipewa pass na yuko nasi leo.

Ombi ni moja. Leseni inakwisha tarehe 31 Desemba, Kakuma ikiwa ndani yake, na kiti cha marehemu kiko wazi, kwa hivyo hatuombi ukumbi uitwe jina lake, tunaomba isainiwe. Mkuu wa chuo amemwambia mama yake marehemu asubuhi hii kwamba atasaini, tumemwamini, na bado tumeamua kulisema kwenye maikrofoni, mbele ya Kanamkemer yote, ili tumsaidie kukumbuka.

Mama Ekuru, hayo tuachie sisi. Wewe pumzika kwa amani.