Neno la Mwisho la Kompyuta

Mbele yangu kwenye treni walikaa dada na kaka yake, wote mafundi wa kompyuta za hospitali. Dada alikuwa hatulii kitini.

"Kaka, ile kompyuta ya wodini leo imesema kinachoiua!"

"Imesemaje? Siku zote inakufa kimya."

"Kwa sababu wewe uliiambia iweke ujumbe wa hali yake pembeni, iuandike baadaye ikipata nafasi. Ikizimika ghafla, ujumbe unapotea nayo. Mimi nimeilazimisha iandike kila ujumbe kwanza kwenye skrini, ndipo iendelee na kazi. Ikaandika kwamba kumbukumbu yake imeharibika, ikazimika papo hapo!"

Bibi aliyekaa kando yangu, ambaye nadhani alisikia habari za kufa tu, akawapa pole ya msiba.

"Hongera," kaka akasema, "lakini sasa kila ikiwashwa inajikokota. Muuguzi anasubiri mapigo ya moyo ya mgonjwa, yenyewe inaandika hadithi!"

"Afadhali ichelewe kuliko ife bila kusema."

"Kamwambie hivyo mgonjwa!"

Treni ikasimama. Wakashuka wakicheka, wakisema wote kwa pamoja, na hakuna aliyemngoja mwenzake amalize.