Kabari, kwa Wino na kwa Penseli

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Usajili, mgeni wetu rasmi. Wakuu wa vitengo. Makarani wa madirisha yote matano. Ndugu wageni waalikwa. Mama yangu mzazi uliyekaa hapo mbele na mkoba mapajani. Na wewe mwenye shughuli, karani wetu wa dirisha namba tatu unayestaafu leo, ambaye mji mzima tunakuita Mama Penseli: habari za mchana!

Hamjaitikia. Habari za mchana! Naam, hapo sawa.

Nimeombwa niseme kwa niaba ya wananchi, yaani sisi tunaokaa kwenye yale mabenchi yenu tukisubiri kuitwa. Mimi ni seremala, si msemaji. Nimepewa dakika kumi, na mshereheshaji ameanza kuangalia saa kabla sijafungua mdomo. Tulia, kaka. Leo nina furaha ya kupasuka, na mtu wa namna hiyo hapimiwi dakika.

Naitwa Kabari. Chekeni tu, nimezoea.

Kwa wasiofanya kazi za mbao: kabari ni kile kipande kidogo cha mti, kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, tunachokipigilia kwenye ufa ili upanuke, au kukichomeka chini ya meza inayochezacheza. Haya, mpe mtoto jina hilo kisha umpeleke shule! Mwalimu akiita majina, darasa linaangua kicheko. Dawati likicheza, "Kabari, ingia chini!" Nilipokua nikaenda kuomba kazi, bosi mmoja akanitazama mikono, akaniuliza kama nina undugu na wale wanaokaba watu vichochoroni. Nilitamani ardhi ipasuke nitumbukie.

Na wa kumuuliza maana yake sikuwa naye. Baba yangu, seremala kama mimi, alifariki nikiwa na miaka minne. Nilijua nimezaliwa ndani ya lifti iliyokwama, hilo mtaa mzima ulilijua. Lakini nikimuuliza mama kuhusu jina, ananijibu: "Mwanangu, siku ile mimi nilikuwa na shughuli zangu. Jina alikwenda kuliandikisha baba yako, nami sikuwa na nguvu za kubishana." Mnamcheka? Zaeni ninyi ndani ya lifti, tuone kama mtabishana! Basi nikajitungia maana yangu mwenyewe. Nikasema, baba alinitazama akaona kipande kilichobaki, cha kuchomeka chini ya meza za watu. Niliamini hivyo mpaka nilipofika miaka ishirini na miwili, na nawaambieni ukweli, iliniuma.

Siku moja nikasema sasa basi. Nikavaa shati langu zuri, nikaja ofisi hii kubadilisha jina. Nikapangiwa dirisha namba tatu. Nikamkuta mama huyu, miwani puani, penseli imechomekwa kwenye kilemba. Nikamwambia shida yangu, tena kwa ukali, nimekuja juu kweli kweli. Yeye hata hakupandisha sauti. Akaniambia, "Fomu ninayo, mhuri ninao. Ila kwangu, anayetaka kulivua jina husoma kwanza ukurasa alikovishwa."

Ndugu wageni, hapa nataka mnisikilize vizuri, maana ndicho kilichonileta. Mama huyu ana desturi yake ambayo haimo katika kanuni yoyote ya ofisi. Mzazi akija kuandikisha mtoto, mama haandiki jina kwa wino mpaka ameuliza, "Jina hili limetoka wapi?" Jibu analiandika pembeni mwa ukurasa, kwa penseli, maneno ya mzazi mwenyewe. Miaka thelathini na moja! Foleni inalalamika, yeye anauliza. Nasikia mkuu wake mmoja wa zamani alikasirika, akasema anachafua daftari la serikali, akampa kifutio afute yote. Mama akafuta kurasa mbili, akarudi kusema kifutio kimeisha. Akaletewa kingine? Hakuletewa. Iliishia hapo, na mama akaendelea kuandika!

Basi akanifunulia daftari la mwaka wangu. Nikaliona jina langu kwa wino. Na pembeni, kwa penseli, nikayakuta maneno ya baba yangu, mtu ambaye hata sauti yake siikumbuki. Nimeyaweka kichwani, sihitaji karatasi:

"Baba asema: mlango wa lifti ulifunguka shubiri moja tu, kisha ukawa unajifunga. Nikapigilia kabari ndogo, ukasimama. Nikapigilia ya pili nene zaidi, kisha ya tatu, mpaka nesi wa zahanati ya ng'ambo ya barabara akapenya, akamkuta mke wangu. Mti usiozidi kiatu cha mtoto umezuia chuma. Nataka mwanangu awe hivyo: akiwapo yeye, mlango usifungwe usoni mwa mtu."

Mdharau mwiba mguu huota tende! Jina nililolikimbia miaka yote ile ndilo lililomwokoa mama yangu, na mimi mwenyewe nikiwa bado sijaliona jua. Nililia pale dirishani kama mtoto. Mnajua huyu mama aliniambia nini? Pole? Thubutu! Aliniambia, "Usinilowanishie daftari, wino wa serikali huo."

Ile fomu niliichana mwenyewe. Lakini kumbe kwenye benchi, nyuma yangu, alikaa mama mmoja na kichanga chake, amenisikia nikisoma kwa sauti. Zamu yake ilipofika akaulizwa jina la mtoto, akajibu bila kupepesa macho: "Kabari." Nikawa na mwenzangu! Mwaka uliofuata akaja wa tatu. Juzi nikamwomba Mama Penseli anihesabie, na alijibu kwa uhakika wa mtu anayezijua kurasa zake kama vidole vyake: tangu ofisi hii ifunguliwe, mpaka siku niliyokuja mimi na hasira zangu, alikuwako Kabari mmoja. Leo tuko saba! Saba, ndugu zangu! Tunatosha timu ya mpira wa wavu, na wa akiba yumo. Mmoja yule pale, mama yake amemkamata kaptula asipande jukwaani. Mwache aje, dada! Ndiyo jina lake, hazuiliki!

Sasa, Mheshimiwa Mkurugenzi, naomba radhi, nakugeukia wewe.

Tumesikia kwamba kompyuta zimefika, na mimi sizipingi. Hata msumeno wangu siku hizi ni wa umeme. Lakini kompyuta ina nafasi ya jina, ya tarehe na ya wazazi. Pembeni haina. Tena tumesikia kwamba Jumatatu lori linakuja kuyachukua madaftari ya zamani, yakasagwe yawe maboksi. Mheshimiwa, wino umeunakili. Penseli je, nani ameinakili? Baba yangu ana kaburi moja na ukurasa mmoja. Kaburini hasemi kitu. Ukitaka kumsikia, ni kwenye ukurasa ule tu. Wamo wangapi humo ambao watoto wao hawajaja bado kusoma?

Najua utasema hakuna mahali pa kuyaweka. Ndiyo maana sikuja mikono mitupu. Nje hapo kuna mkokoteni, juu yake kuna kabati, limefunikwa turubai. Mbao ngumu, rafu sita, kufuli na funguo mbili. Nimelitengeneza wiki tatu na sitaki hata senti. Nilikwisha pima ukuta wa nyuma ya dirisha namba tatu, nikijifanya nasubiri foleni. Linaenea! Sikuombi hotuba, Mheshimiwa, wala barua. Tikisa kichwa tu, lori lirudi tupu.

Ametikisa! Mmeona? Ametikisa, tena mara mbili! Ukumbi mzima ni shahidi, na mpiga picha naye amepata! Pigeni makofi, jamani, msimwonee haya mkubwa!

Ngojeni, ngojeni, bado moja, kisha nashuka. Mke wangu, simama. Huyo aliyemshika ni mwanetu wa kwanza, ana siku nane. Leo saa kumi Mama Penseli anafunga daftari lake la mwisho, na ndani yake umebaki mstari mmoja. Nimeuhifadhi kwa kumsihi sana.

Mtoto ni wa kiume. Jina lake ni Penseli.

Chekeni! Hata mimi nilicheka mke wangu alipolitaja. Baadaye usingizi haukuja. Najua atakayoyapata shuleni, nani ajuaye kuliko mimi? Lakini siku akichoka kuchekwa, akija hapa na hasira zake kudai fomu, kabati litafunguliwa, naye atasoma.

Basi njoo, mama, meza hii hapa, daftari hilo hapo. Penseli usiitafute, iko kilembani. Niulize lile swali lako la siku zote.

Nakusikia, mama. Limetoka wapi? Andika hivi pembeni: baba yangu alipigilia kabari, mlango haukufunga, nami nikatoka. Wewe ukaandika kwa penseli, mlango wa baba haukufunga, nami nikaingia nikamkuta. Jina hili limetoka kwako.

Ndugu zangu, ahsanteni sana kwa kuniazima masikio yenu. Nawe, mama, vua kwanza miwani ujifute. Usinilowanishie daftari, wino wa serikali huo.