Siku Tuliyomtafuta Kioko kwa Kimya

Nawasalimu nyote kwa jina la Bwana, wenyeji wa hapa na sisi tuliokuja kutoka Ukambani kufuata mashamba. Sifa ni zake aliyeniwezesha kusimama mbele yenu asubuhi hii. Mtanivumilia nikisogeasogea. Mimi si mtu wa kutulia pahali pamoja, na habari ninayoileta inatokana na hayo hayo.

Wengi mnanijua kama Mama Kioko. Tulipopewa shamba huku Shimba Hills, Kioko alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Baba yake alipata kazi kwenye miwa kule Ramisi, akawa anarudi mwisho wa mwezi. Mtoto alikuwa na afya, lakini hakuwa kama wenzake. Hakumtazama mtu usoni. Maneno yake yalikuwa machache, na mara nyingi alikurudishia yale yale uliyomwambia. Sauti kubwa ilimuumiza. Jogoo akiwika karibu, aliziba masikio akalia kama aliyechomwa moto, kisha akakimbia. Ndugu zangu, alikimbia bila kuangalia anakokwenda, nami nyuma yake. Nilipika nikiangalia mlango. Nililima shingo imegeuka. Hata kwenye maombi nilifumba jicho moja.

Watu wa maombi walikuja nyumbani wakasema mtoto ana pepo. Walimzunguka, wakakemea kwa sauti, na kadiri walivyokemea ndivyo alivyojitupa chini. Siwalaumu, walikuja kwa upendo. Lakini nilimwinua mwanangu nikatoka naye, nikazunguka shamba hadi walipoondoka.

Mwaka ule wa Uhuru aliingia darasa la kwanza. Shuleni kulikuwa na kipande cha reli kilichoning'inizwa, ndiyo kengele. Kila kilipogongwa, Kioko alitoka darasani mbio. Mwalimu mkuu aliniita.

"Mama Kioko," alisema, "nina watoto wengi na walimu wachache. Huyu wako akipotelea porini, nitakujibu nini?"

"Mwalimu, nipe muda."

"Nakupa mpaka sherehe za bendera. Baada ya hapo akae nyumbani."

Akae nyumbani. Neno hilo lilinikosesha usingizi na chakula. Nikawa naenda shuleni kila asubuhi na kukaa barazani. Nikiwa shuleni nawaza mahindi yanayoliwa na nyani, nikiwa shambani nawaza reli inayogongwa. Nilimwomba Mungu ambadilishe mwanangu, na nilimwomba kwa haraka, kama mtu anayegonga mlango huku amekwisha kugeuka kuondoka.

Siku moja nilibaki nyumbani kuvuna. Jirani yangu, Bi Mwanakombo, mama wa Kidigo ambaye mihogo yake inapakana na msitu, alinijia akihema.

"Mama Kioko, wameanza mazoezi ya ngoma za Uhuru shuleni. Mtoto katoka mbio, kashika njia ya msituni."

Wiki ile ndovu walikuwa wakitoka msituni na kula migomba ya watu upande wa Mkongani. Nilikimbia.

Ndugu zangu, sitasahau watu waliokuja. Wadigo, Waduruma, Wakamba, Mwislamu na Mkristo, hata mwalimu mkuu na tai yake shingoni. Walibeba mapanga na madebe ya kupiga ili kuwafukuza ndovu. Tulitawanyika kwenye ukingo wa msitu tukiita, "Kioko! Kioko!" Mimi niliita kuliko wote, mpaka koo likakauka. Mara mtu aseme amemwona mbele, tufike, hayupo. Mara aonekane mbali zaidi, kisha majani yamfunike. Jua lilikuwa linateremka.

Hapo nikashikwa mkono. Alikuwa Mwalimu Nyamawi, kijana wa Kinango aliyefundisha darasa la kwanza. Nilikuwa sijapata kumsikia akisema maneno mengi.

"Mama Kioko, nakuomba unyamaze."

"Ninyamaze, na mwanangu yuko kwa ndovu?"

"Anatukimbia sisi, mama. Nimemwangalia darasani tangu alipokuja. Hakimbii masomo, wala hanikimbii mimi. Anakimbia kelele. Kila tukiita anazidi kwenda."

Mzee mmoja akauliza, "Na ndovu? Tukinyamaza si watatukanyaga?"

"Tukinyamaza ndipo tutakapowasikia," alisema Mwalimu Nyamawi.

Madebe yakawekwa chini. Neno likapita kutoka mtu hadi mtu, na watu wote wakanyamaza. Mimi ndiye niliyeshindwa. Jina la mwanangu lilinijaa mdomoni, nikaiuma leso yangu. Nikaomba moyoni, "Bwana, mimi kunyamaza siwezi. Ninyamazie wewe." Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, sikuwa na neno la kuongeza. Tulitembea hivyo, tukisikia majani tu chini ya miguu.

Nikamsikia. Kioko akitulia huwa anaimba puani, wimbo usio na maneno. Tulimkuta kwenye mihogo ya Bi Mwanakombo, amekaa chini, anapanga vijiti kwa urefu wake, kifupi mpaka kirefu. Nyuma yake kinyesi cha ndovu kilikuwa kingali kinafuka moshi. Nilitaka kumrukia, Mwalimu Nyamawi akanizuia. Alichuchumaa kwa mbali akainua kiganja, akangoja. Kioko hakumtazama, lakini alisema neno moja.

"Kimya."

Alilisema kama mtu anayekutajia jina la kwao.

Kesho yake mimi na Mwalimu Nyamawi tulikwenda kwa mwalimu mkuu kumwombea Kioko abaki shuleni. Mikono yake ilikuwa bado na mikwaruzo ya miiba. "Shule isiyo na kelele ni shule gani?" aliuliza.

"Kelele zibaki," alijibu Mwalimu Nyamawi. "Naomba tu mtoto ajue kwamba zinakuja."

Mwalimu mkuu aliitazama mikwaruzo yake, kisha akasema, "Basi abaki. Tujaribu."

Kioko akahamishiwa dawati la karibu na mlango. Kabla ya reli kugongwa, Mwalimu Nyamawi humwonyesha kiganja, naye huziba masikio akasubiri. Ngoma zikianza, hutoka taratibu akakaa nyuma ya darasa na vijiti vyake. Hesabu alijifunzia kwenye vijiti hivyo. Siku bendera ilipopandishwa, mimi na yeye tuliitazama kutoka shambani, ngoma zikitufikia kwa mbali.

Ndugu zangu, sikuja kuwaambia kwamba Kioko amepona. Bado anakimbia siku nyingine, na mimi bado nageuza shingo. Lakini anaandika jina lake, na mahali pake pale shuleni hakuna anayepagusa. Nilimwomba Bwana ambadilishe mtoto. Bwana akamwacha mtoto kama alivyomuumba, akatugeuza sisi tuliomzunguka. Namshukuru kwa hilo.

Najua humu ndani kuna mama aliyemfungia mtoto nyumbani asubuhi hii ili aweze kuja ibadani. Simtaji, wala simhukumu, maana najua moyo wake unavyokwenda mbio hivi sasa. Dada yangu, mtumaini Bwana, kisha umwogeshe mtoto. Kesho ni Jumatatu. Nitapita kwako, twende naye shuleni pamoja.