Sakafu Isiyokauka

Zimeni redio, wanangu, na wewe mkwe wangu acha hilo sufuria lipoe lenyewe, njooni wote mkae hapa karibu na kichwa changu, kwa maana sauti niliyobakiwa nayo haifiki tena mlangoni. Msikae chini. Leteni viti. Nasema leteni viti, hilo ndilo neno la kwanza la wosia wangu, na msitazamane hivyo, baba yenu hajaanza kuweweseka.

Mimi ni fundi sakafu. Mmekula kwa magoti yangu, na magoti haya yamekuwa magumu kuliko kisigino cha mchunga ng'ombe. Nimeshuka ngazi za nyumba nyingi kwenda kwenye vyumba vya chini ya ardhi, na kabla sijafika ngazi ya mwisho pua imeshaniambia yote: hapa pana kabati limebandikwa ukutani, hapa pana zulia, hapa wamepaka rangi ya mafuta juu ya zege bichi. Watu hawamwiti fundi maji yakianza kupanda. Wanamwita rangi ikishabanduka kama ngozi iliyoungua, nao wanataka apake nyingine palepale, leo hii, kwa sababu kesho wana wageni. Nimesema na watu hao mpaka ulimi ukaota sugu. Wengine walinisikia. Nyumba yangu mwenyewe ndiyo iliyonishinda, na waliosema mganga hajigangi walinijua kabla sijazaliwa.

Chumba hiki cha chini nilikikuta. Aliyekimwagia zege simjui, na alipo Mungu amsamehe, mimi bado. Siku moja nilichimba pale pembeni nione kuna nini, nikakuta zege limelala moja kwa moja juu ya udongo, hakuna kokoto, hakuna nailoni ya kuzuia maji, hakuna chochote. Zege likilala kwenye udongo wenye maji linanyonya kama mkate uliochovywa kwenye chai, wala halishibi, kiangazi na masika. Unaliona jeupe, unalipapasa, unasema limekauka. Halijakauka, limenyamaza tu.

Mama yenu alitaka sakafu inayong'aa. Hakutaka makubwa, marehemu, alitaka sakafu ya kupigwa deki ikaonyesha sura ya mtu. Nikamwambia mke wangu, ngoja. Kila kiangazi nilikuwa nakata kipande cha nailoni, nakitandika chini, nakibana kingo zote kwa utepe, na kesho yake tunakuja wawili kukifunua. Yeye ndiye aliyekuwa anainama, mimi nikishika taa. Ananiuliza, "Bado?" Naangalia matone yaliyojipanga chini ya nailoni kama jasho la mdomo wa juu, namjibu, "Bado." Tukazeeka kwa neno hilo. Alikufa sakafu ikiwa tupu kama alivyoikuta, na msibani wakaja watu wakasema mbona fundi mzima nyumba yake haina hata rangi chini. Niliwasikia.

Kisha nikaugua mimi, nikalazwa, na wewe mwanangu mkubwa ukafanya ulichofanya. Sikuiti hapa kukushitaki. Najua siku zako za mapumziko ni chache, dereva hana Jumapili, na zote ulizitumia hapa chini ukiwa umepiga magoti kama nilivyokuwa nikipiga mimi. Ukapaka kuta rangi ya mafuta mpaka kiunoni. Ukamwaga gundi chumba kizima, ukalaza kapeti la plastiki lenye maua, ukalikata vizuri mpaka kwenye kona. Mkono unao, sikunyimi haki yako. Uliponileta kutoka hospitali na kunibeba mgongoni, mkeo alipiga makofi akasema, "Karibu baba, tumekutengenezea hoteli!" Nami nikalia, mkadhani ni furaha. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Kati ya watu wote wa mji huu, kosa hili lilipaswa kufanywa na mtoto wa mtu mwingine.

Sasa nimelala kitandani juu ya kapeti hilo na kazi yangu ni kulisikiliza. Pale chini ya dirisha limeanza kuvimba. Kanyaga pale kwa kisigino, mwanangu, kanyaga, usiogope. Umesikia? Hiyo ni gundi, imegeuka ute. Maji hayakuondoka, mlichofanya ni kuyafungia mlango wa juu, nayo yakaenda kutafuta mlango wa pembeni. Sasa yanapanda ukutani nyuma ya rangi yako. Sogezeni hilo kabati mtaona ukungu mweusi umefika usawa wa goti. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sakafu ni vilevile. Ningeweza kufa kimya na mambo haya. Lakini mtoto wa dada yako anakohoa.

Mnasikia kikohozi hicho? Mtoto hajajua hata kuita mama vizuri, lakini kifua chake kinakoroma kama cha mvuta tumbaku. Analala pale, kwenye godoro lililowekwa juu ya maua ya plastiki, na kila asubuhi mama yake analigeuza godoro aliegemeze ukutani, na upande wa chini una madoa. Anadhani sioni. Mwanangu wa mwisho, kifunga mimba wangu, mama wa mtoto huyu, wewe ndiye uliyenilisha, ukanifua, ukanigeuza, usiku ukashona nguo za watu kwa mkono ili cherehani isiniamshe. Na mimi cha kukuachia ni chumba hiki.

Ndiyo maana nimewaita.

Nyumba naiacha kwenu wote wawili, isiuzwe mmoja asipotaka. Vifaa vyangu, mwiko, rula ndefu, brashi za waya, mpeni atakayevitumia, na asipopatikana visitundikwe ukutani kama picha ya marehemu, viuzeni. Jirani wa upande wa juu wa mteremko, yule tunayemwita Bwana Ukuta, mnajua hatusalimiani. Alijenga ukuta wake juu ya mtaro, maji yake yote ya mvua yakageukia kwetu, na nilipokwenda kumwambia akanijibu kwamba maji hayana mwenyewe. Niliapa sitavuka kizingiti chake. Kiapo hicho nakwenda nacho mimi, ninyi msikirithi. Nendeni mkamsalimie. Mwambieni baba amekufa, mwombeni awaachie upenyo wa mtaro, hata wa upana wa jembe, upite kando ya msingi wake uende barabarani. Atawafungulia mlango nusu. Atakataa. Nendeni tena. Sina matumaini naye, nawaambia kweli, lakini aombaye hachoki, akichoka keshapata.

Sasa neno lenyewe. Mwanangu mkubwa, huko juu mna vyumba vitatu. Viwili mnalala, wewe, mkeo na watoto, haki yenu. Cha tatu kina makochi. Makochi hayo tangu yanunuliwe sijaona mtu akiyakalia. Yamevishwa nailoni yasiingie vumbi, na mgeni akija mnamtolea kiti cha jikoni. Nailoni iliyotakiwa kulala chini ya zege hili, ije impe mtoto huyu pumzi, iko huko juu inalinda makochi. Nakuomba. Sikuamrishi, mtu anayekufa hana amri, ana ombi tu. Toa makochi, mpe dada yako kile chumba. Sio kwa siku tatu za msiba. Mpe, mpaka mtoto akue.

Nijibu.

Usimtazame mkeo, nitazame mimi. Na wewe mkwe wangu, sina kinyongo nawe, najua ulivyolelewa watu sita chumba kimoja, najua chumba cha wageni kwako ni heshima uliyoitafuta kwa miaka. Lakini nakuuliza mwanangu, nijibu mbele ya dada yako.

Umenyamaza.

Basi nimesikia. Wanasema damu nzito kuliko maji, na mimi niliyeishi na maji maisha yangu yote nilitaka sana kuwaamini. Usilie. Nilikuwa na akili zangu nilipouliza, na jibu nililijua kabla.

Njoo wewe, mwanangu wa mwisho, sogea, nikupe kilichobaki. Ni kidogo. Nikishazikwa, ng'oa kapeti. Anzia mlangoni, na kaka yako akikuambia ni la gharama, ng'oa. Kwangua gundi yote. Chini yake utakuta unga mweupe kama chumvi. Usiuoshe, ukiuosha unaurudisha ndani, upige brashi ya waya ukiwa mkavu, uzoe, ukautupe mbali na nyumba. Rangi ya ukutani nayo ikwangue. Kisha uache. Hapo ndipo watu wote wanaposhindwa, kuacha. Chumba kitaonekana kibaya, watu watakusema, wewe kiache kipumue. Dirisha lifungue jua likiwa kali, mvua ikianza lifunge. Kabati liinue juu ya matofali na ulitenge na ukuta, mkono wako upite. Mwambie kaka yako atengeneze bomba la paa, maji yasidondokee kwenye msingi. Hilo atalifanya, si mtu mbaya, ni mtu aliyebanwa tu.

Halafu kiangazi utatandika nailoni kama mimi na mama yako. Ukikuta matone, subiri mwaka mwingine. Usiseme nitafunika kidogo tu, kwa ajili ya wageni. Ukikuta pakavu, na narudia, ukikuta pakavu, usipake rangi ya kukaa juu juu. Nunua ile dawa nyembamba kama maji, inayonyonywa na zege lenyewe, mpake mara mbili... uipake, nasema, uipake mara mbili, ndani ya zege. Ulimi umeanza kunitoroka. Lakini sikudanganyi. Mimi pakavu sijapaona. Sakafu hii haiponi, mama. Inauguzwa tu, kama ulivyoniuguza mimi, na wewe umeona mwisho wa kuuguza ni nini.

Nipeni maji. Kidogo. Inatosha.

Mnizike mahali pa juu. Msicheke... au chekeni, nilitaka mcheke. Pa juu, udongo wa mchanga. Miaka yote nimelala na unyevu mgongoni, nionjeni... nionjesheni ukavu hata huko.

Radhi zangu ninazitoa kwenu wote. Kwako uliyenyamaza pia. Baba hamlaani mtoto kwa sababu ya chumba. Mungu awape rizki ya kutosha msigombanie kona. Awape vifua vyepesi. Mkwe wangu, na wewe, na watoto wako, mbarikiwe, sijabagua.

Anakohoa tena.

Wanangu. Kitanda hiki. Ni kirefu, miguu yake ya chuma... ndicho kitu pekee humu kisichogusa maji. Niteremsheni. Msiniulize. Niwekeni chini, pale kwenye godoro, na mtoto mpandisheni hapa. Sasa hivi. Si nikishakufa, sasa, usiku wa leo asilale pale. Mimi kifua changu kimeshamaliza kazi, cha kuharibika hakipo. Kaka mtu, shika miguu. Wewe, mama, kichwa. Taratibu.

Ndiyo.

Ndiyo, hapo. Baridi, naam. Naijua.

Amelala? Mwekeni katikati, asianguke. Hapana... hapana, liondoeni hilo shuka kwangu. Si mimi. Mfunikeni yeye.